Hema Halipigwi Bila Hodi

Kwa abiria wa basi la Mombasa, Makueni ni usingizi wa saa mbili tatu unaokatizwa na chai ya Mtito Andei. Kwa abiria wa treni ya SGR, iliyoanza safari zake 2017, hata hiyo chai haipo. Kitui nayo haionekani dirishani kabisa. Imejikalia mashariki, ng'ambo ya Mto Athi, kaunti ya kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Rwanda nzima ingeenea humo na nafasi ikabaki. Lakini waulize wachumba wa Nairobi wanakwenda wapi likizo ya Agosti, utasikia Lamu, Wasini, na wapenda ziwa watakutajia Mfangano. Kila mtu anataka kisiwa.

Mimi na mume wangu tulikitaka pia, ila pesa za kisiwa hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni pikipiki ya cc 150, hema la watu wawili, na nyanya mwenye subira aliyekubali kukaa na watoto. Tukaamua kukitafuta Makueni na Kitui, huku kwetu Ukambani.

"Ukambani?" shemeji yangu aliangua kicheko. "Maji yenyewe shida, kisiwa kitatoka wapi?"

Pikipiki nchini Kenya ni chombo cha kazi. Watu wakiiona imebeba mume, mke na furushi, wanajua ni boda boda imepata mteja wa mbali. Pale Emali tulisimama kununua machungwa, mama mmoja akaja moja kwa moja kwa mume wangu: "Kijana, Sultan Hamud ni pesa ngapi?" Nilikuwa bado nimekaa nyuma yake, helmeti kichwani. Alipoambiwa kwamba hii si ya kubeba watu, alinitazama juu hadi chini akauliza, "Na huyu je?" Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wale wanawake wawili walioondoka London Desemba 1934 wakafika Cape Town mwaka uliofuata kwa pikipiki inayovuta trela, nadhani hawakuwahi kuulizwa nauli.

Mzigo wetu ulifungwa na fundi wa mtaani kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tiubu kuukuu, ile ile inayofungia kreti za soda na magunia ya mkaa. Mikoba ya ngozi ya pembeni tuliyokuwa tumeitamani madukani haina la kuishinda mipira hiyo: inashika, inavutika, na ikikatika kila kijiji kina mingine.

Barabara Kuu ya Mombasa si mahali pa mapenzi. Trela likikupita, upepo wake hukusukuma kando kwanza, kisha hukuvuta, na aliyeko mbele hana nafasi ya kutazama chochote ila lami. Anayekaa nyuma ndiye anayeiona nchi. Mimi niliona miti ikibadilika baada ya Sultan Hamud, migunga ikipungua kimo, na udongo ukianza kuwa mwekundu. Nikawa namweleza dereva wangu kwa kupiga kelele, naye akitikisa kichwa kwa mambo ambayo najua hakuyasikia.

Chakula cha mchana tulikula Makindu, kwenye gurudwara ya Masingasinga. Ilijengwa 1926 na watu wa jamii hiyo waliokuja na kazi za reli, na mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chapati, dengu na chai bila kulipa, na kwa anayechelewa njiani kuna malazi. Masharti ni mepesi: vua viatu, funika kichwa. Mume wangu alidhani helmeti inatosha. Mzee wa mlangoni alimnyooshea kitambaa cha rangi ya chungwa bila kusema neno, na bila kucheka pia, jambo ambalo mimi sikuliweza.

Ukifika Kibwezi, upande wa kulia Vilima vya Chyulu vimejipanga na kijani chake. Juu yake hakuna mto hata mmoja. Mvua inayonyesha huko huzama kwenye mawe ya volkano na kuibukia chini, Mzima, inakotoka sehemu ya maji ya Mombasa, na Umani, hapo hapo kwenye msitu wa Kibwezi. Tungependa kupanda, lakini mbuga nyingi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori haziruhusu pikipiki kupita langoni, na siwalaumu. Ndovu hana habari na honi. Kwa hiyo msafiri wa magurudumu mawili hubaki kwenye ardhi ya watu. Hilo ndilo lililoifanya safari yetu iwe jinsi ilivyokuwa.

Tukakata kushoto. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui na kuendelea mpaka Migwani, kilomita zipatazo 192, ilikuwa ya vumbi kwa miaka yote ya utoto wangu. Sasa ni lami laini, na magari ni machache kiasi kwamba mbuzi hulala katikati yake. Mibuyu inasimama mashambani peke yake, na wakulima huizunguka kwa jembe. Mbele yako Uwanda wa Yatta umelala kutoka upeo hadi upeo: ni lava iliyotiririka mamilioni ya miaka iliyopita ikaganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, na hutajwa miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Chini ya ukuta huo ndipo unapopita Athi, mpaka kati ya Makueni na Kitui.

Na kisiwa kilikuwepo. Tuliacha lami, tukafuata njia ya ng'ombe mpaka ukingoni, na hapo mto ulikuwa umegawanyika sehemu mbili kuzunguka ulimi mrefu wa mchanga mweupe wenye mawe upande mmoja na mkuyu mmoja katikati. Maji ya kuvukia hayakufika magotini. Mume wangu alizima injini akanitazama kwa uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa ameshaanza kufungua mipira.

Ng'ambo ya njia, ndani ya mchanga wa ukingoni, ajuza alikuwa amepiga magoti akichimba. Mto unapita hatua chache kutoka kwake, naye anachimba kisima. Alichota mchanga kwa mikono hadi shimo likamfika kwenye viwiko, akangoja. Maji yakaanza kuchuruzika kutoka kando, ya udongo kwanza. Akayachota kwa nusu kibuyu, akayamwaga, akangoja tena. Mara ya tatu yalikuja meupe. Ndipo akaanza kujaza jerikeni ya njano, kata moja baada ya nyingine, bila haraka hata kidogo.

Nilimwamkia kwa Kikamba, nikimwita susu kama ninavyomwita nyanya yangu. Nikamuuliza mbona hachoti mtoni.

"Yale ni ya Nairobi," alisema. "Haya ndiyo yetu."

Hakuwa anatania. Athi hupokea Mto Nairobi pamoja na kila kitu ambacho jiji limekitupa humo, na mchanga ndio chujio pekee la watu wa huku chini. Mchanga ndio ghala lao pia. Kwenye makorongo ya Kitui na Makueni, ambayo kwa miezi mingi hayana tone juu, wanakijiji wamejenga kuta za mawe na saruji kukingama mkondo. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani yake yasikoguswa na jua. Shirika la SASOL limekuwa likifanya kazi hiyo na jamii za Kitui tangu katikati ya miaka ya 1990. Ndiyo maana malori yanayobeba mchanga kwenda kujenga maghorofa huamsha hasira kubwa huku, na ndiyo maana Makueni ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga 2015. Lori linaondoka na mchanga, na maji yaliyokuwa yakae humo mpaka mvua ijayo hayana tena pa kukaa.

Susu alitazama hema lililokuwa begani mwa mume wangu, akatazama kisiwa, akaelewa.

"Mwambie hapo hapalaliwi."

Sababu ya kwanza ilikuwa mamba. Ya pili ilikuwa viboko, wanaotoka usiku kula nyasi na hawapendi kukuta kitu njiani. Ya tatu aliieleza huku akiinuka na kujipangusa magoti: mto huu hunyeshewa kwingine. Mbingu za hapa zinaweza kuwa na nyota tele huku mvua ikimwagika Machakos na Nairobi, na maji yakishuka hayabishi hodi. Mume wangu alisema ni Agosti, hakuna mvua. "Mvua ya siku hizi inasoma kalenda?" aliuliza susu, naye Baba Watoto akaanza kufunga mipira upya.

Wazungu wanaoandika vitabu vya safari za pikipiki husifia sana kulala mahali pasipo na mtu. Ukambani mahali hapo hapapo. Kichaka unachokiona kitupu kina mwenyewe, mizinga ya nyuki iliyo juu ya migunga ina mwenyewe, na yule mtoto wa mbuzi ana mwenyewe, ambaye amekuona tangu ulipotoka lami. Basi utapiga hema kwa ruhusa, au utaamshwa saa saba za usiku na vijana wenye tochi wakitaka kujua kama wewe ni mwizi wa mifugo. Tulimfuata susu bomani kwake, mume wangu akiwa amemfungia jerikeni nyuma ya pikipiki na kuisukuma kwa mguu.

Alituonyesha mahali penye kivuli karibu na ghala. Kisha akatuuliza hema ni moja au mawili. Nikamwambia moja. Akakaa kwenye kigoda.

"Ntheo ilipelekwa?"

Mume wangu ni mtu wa Mumias na Kikamba chake kinaishia kwenye salamu, lakini neno hilo analijua vizuri, kwa kuwa lilimgharimu. Ntheo ni wale mbuzi ambao bila wao, kwa desturi yetu, msichana bado ni wa kwao hata kama ana watoto watano na cheti cha serikali. Akajibu mwenyewe, akionyesha vidole vitatu. Susu akataka kujua walikuwa mbuzi wa rika gani na ni nani aliyewapokea kule kwetu Mwala. Ni baada ya kuridhika na majibu hayo ndipo tuliporuhusiwa kuchomeka kigingi cha kwanza. Nimelala katika hoteli ambazo hazikuniuliza hata kitambulisho. Sijui ni wapi palipo salama zaidi.

Jioni tulikula muthokoi uliopikwa pamoja na nzuu, ile mbaazi ya kwetu. Jiko letu dogo la gesi lilizungukwa na wajukuu, likasifiwa, likachemsha chai tu. Mume wangu aliuliza kwa adabu kama kuna ugali. Upo, aliambiwa, lakini wa kesho.

Kisiwani tulikwenda asubuhi, jua likiwa limepanda, tukiongozwa na mjukuu mkubwa aliyebeba fimbo na kupiga maji nayo. Palikuwa pazuri kuliko tulivyopaona kwa mbali. Pia palikuwa na alama pana, laini, iliyotoka majini hadi kwenye jua na kurudi, na kila upande wake nyayo za vidole vilivyotanuka. Hata mjukuu hakuisogelea. Kwenye mizizi ya mkuyu mafuriko yalikuwa yamekusanya chupa za plastiki, kandambili moja ya mtoto, na kifuniko cha ndoo ya rangi. Nairobi ilikuwa imefika kabla yetu.

Sehemu iliyobaki ya safari ilikuwa rahisi. Ikutha, Mutomo, pancha moja, Kitui mjini. Tulipanda ngazi za chuma za Jabali la Nzambani, ambalo wenyeji husema ukilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Mume wangu hakutaka kulizunguka hata mara moja. Ni katika nchi hii ya Kitui ambapo Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyetembea kwa miguu kutoka Rabai, aliona kilele cha Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Vitabu vya shule vinamsifu kwa kuuona. Aliyemkaribisha, akamlisha na kumweleza kuhusu mlima huo alikuwa Kivoi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilikuwa ikienda pwani na kurudi bila kuandikiwa kitabu. Mwaka 1851, wakiwa safarini pamoja, Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana, na Krapf, bila mwenyeji, akajikuta akirudi Yatta peke yake, ana njaa, akibeba maji kwenye mtutu wa bunduki.

Athi sasa unajengewa ziwa. Juu ya pale tulipolala, unapokutana na Mto Thwake, linajengwa bwawa lenye ukuta wa zaidi ya mita 80, la kuhifadhi mita za ujazo zipatazo milioni 680 za maji. Ujenzi ulianza 2018 na umeshachelewa kuliko ulivyoahidiwa. Likijaa, Makueni na Kitui zitakuwa na ufuo, na pengine visiwa vya kudumu, na watu wa Nairobi watakuja na mahema ya bei kubwa kuliko letu. Wataalamu wanabishana jinsi ya kusafisha maji yatakayokuja na uchafu wa jiji. Mimi ningependa pia kusikia ubishi kuhusu ufuo huo utagawiwa nani, kwa maana viwanja vya kando ya maji nchini hapa huwa na hati kabla maji hayajafika, na jina lililo kwenye hati kwa kawaida si la aliyekuwa akichimba kisima pale kwa mikono.