Anza na Kofia ya Mtoto, Sweta Litakuja

Huko Njombe na Makete mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, hata sakitu huanguka. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kichwani. Lakini akina mama wengi wanaojifunza kufuma huanza na sweta. Sweta lina mikono na shingo. Wanakwama katikati, uzi unabaki kapuni, na hela imekwenda. Sisi tunasema anza na kofia.

Kama huna sindano za kufumia, chonga vijiti viwili vya mwanzi mkavu, vyembamba kuliko penseli, uvisugue viteleze. Mwanzi wa ulanzi unafaa, ulanzi wenyewe tuwaachie wenye nafasi. Uzi upate kwa kufumua sweta la mtumba. Kabla ya kulinunua, ligeuze. Kama kingo zake zimekatwa na kushonwa kwa cherehani, liache, uzi utatoka vipande vipande.

Haya, funga kitanzi kimoja kwenye sindano ya kushoto. Chomeka sindano ya kulia ndani yake, toka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha, uuvute upite ndani ya kitanzi. Umepata kitanzi kipya. Kivishe sindano ya kushoto, sasa viko viwili. Endelea mpaka 20.

Kufuma ni mwendo ule ule, ila kitanzi kipya kinabaki sindano ya kulia, na cha zamani unakiacha kiteleze kitoke. Mstari ukiisha, badilisha sindano mikono, anza tena. Usikaze uzi. Wanaoanza karibu wote hukaza, mpaka sindano haipiti.

Kila mstari ukiisha, hesabu vitanzi. Ukikuta 19, kimoja kimedondoka. Ukikuta 21, umeongeza kimoja, na mara nyingi ni pembeni. Fumua mstari huo huo, usingoje.

Ukifika mistari 40, kitambaa kitakuwa karibu mraba. Pima upana kwa rula. Hapa ndipo hesabu ya kisomo inapofanya kazi. Tuseme vitanzi 20 vimetoa sentimeta 10. Basi kila sentimeta ina vitanzi 2. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni kama sentimeta 35 kukizunguka. Kofia iwe pungufu kidogo, maana inavutika: sentimeta 32. Mara 2, vitanzi 64. Lakini usinakili 64 yetu! Mwenye mkono wa kukaza atapata hesabu nyingine. Pima cha kwako. Halafu kifumue, uzi wake utumie kwenye kofia.

Anzisha vitanzi vyako, fuma mpaka kitambaa kifikie kimo cha sentimeta 18. Kata uzi ukiacha urefu wa mkono, utunge kwenye sindano ya kushonea, upitishe ndani ya vitanzi vyote, kisha chomoa sindano ya kufumia. Vuta. Juu patajikusanya kama mdomo wa mfuko. Kaza, funga fundo, halafu shona ubavu mpaka chini. Mikia ya uzi ifiche ndani ya mishono, isije ikamnasa mtoto vidole. Wala usiweke kamba ya kufungia shingoni, ni hatari kwa mtoto mchanga. Ifue kwa sabuni na kuianika juani kabla ya kumvisha.