Neno la Silaha na Tendo (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita niliahidi kulifungua neno la Kiholanzi, wapenfeit. Si gumu: wapen ni silaha, feit ni tendo. Zamani lilikuwa sifa ya aliyefanya makubwa vitani. Siku hizi Waholanzi humpa sifa hiyo hata mchezaji wa kandanda aliyefunga bao moja msimu mzima, tena kwa kejeli kidogo.

Makaburu walioingia Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya ng'ombe, na wenzao waliopanda hadi upande wa Kitale, walikuja na lugha iliyozaliwa na Kiholanzi. Neno hilo hawakutuachia, wala hatukulihitaji. Waswahili walikwisha kuchukua kutenda wakaunda utendi, na kitu chenyewe kikawa shairi: Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni vita mwanzo hadi mwisho. Kwetu tendo la silaha halitimii mpaka lipate msimulizi.

Kwa Wabukusu wa Bungoma, msimulizi huyo ni omuswala kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, yeye hutembea huku na huku mbele ya waombolezaji, akieleza walikotoka Wabukusu na vita walivyopigana. Nani apewe sifa, yeye ndiye anayejua.

Chukua vita vya Chetambe, kilimani karibu na Webuye. Kituo cha Waingereza cha Mumias kilituma askari kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, askari wakauawa. Mwaka 1895 likaja jeshi la Wasudani, Waganda na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na bunduki ya rashasha ya Maxim. Ngome ya Lumboka ikaanguka kwanza, kisha Chetambe, ngome ya handaki na ukuta wa udongo yenye jina la mzee wa Kitachoni. (Watachoni hukukumbusha hilo upesi ukiwasifu Wabukusu peke yao.)

Kwa Hobley, mtawala wa Mumias, ile ilikuwa adhabu tu. Katika hesabu za kijeshi wapenfeit ni ya aliyeshinda, na mkuki mbele ya Maxim hauandikiwi kitu. Lakini mwaka 1947, miaka 52 baadaye, Elijah Masinde, kiongozi wa harakati ya Dini ya Msambwa, aliwapandisha maelfu ya wafuasi wake Chetambe. Hawakwenda kumkumbuka aliyeshika Maxim.