Kupanga Orodha ya Diski Kuukuu Si Kazi ya Papara

AKIKABIDHIWA kabati la vitabu la marehemu babu yake, kijana mwenye kupenda unadhifu hana subira. Huvishusha vyote, akavipangusa vumbi, akavirudisha kwa kufuata alfabeti. Kabati hupendeza. Lakini lile fungu lililokuwa karibu na kiti, vile vitabu ambavyo mzee alivisoma mpaka wiki zake za mwisho, halijulikani tena lilikuwa lipi.

Leo, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya kabati la namna nyingine: diski za kompyuta ya Commodore 64. Mashine hiyo ilionyeshwa Las Vegas, Marekani, Januari 1982, ikatiwa sokoni mwaka huo huo kwa dola 595, na hatimaye ikauzwa kwa mamilioni, hasa Marekani na Ulaya. Kampuni ilifilisika mwaka 1994, lakini wapenzi wake hawajaisha. Hofu yao ni kwamba diski zile ni za sumaku, na sumaku hufifia. Kwa hiyo huzinakili nzima nzima, kila diski ikawa faili moja katika kompyuta ya leo. Nakala hiyo huitwa D64, nayo kwa kawaida ina baiti 174,848. Humo mna kila kilichoandikwa katika bloku 683 za diski, hata kile ambacho mwenyewe alidhani amekifuta.

Diski ina miviringo 35, na orodha ya majina imewekwa katika ule wa 18, katikati, ili kichwa cha kusomea kisisafiri mbali. Nafasi za majina ni 144, na kila jina halizidi herufi 16. Pamoja na jina huandikwa mahali faili inapoanzia. Basi kupanga orodha hakusogezi faili yenyewe hata kidogo. Ni majina tu yanayohama.

Kwa nini orodha huvurugika? Kwa sababu faili ikifutwa, faili mpya huingia katika nafasi ile ile. Barua ya jana ikakaa juu ya mchezo wa mwaka juzi. Ndipo watu wakaandika programu ndogo za kuisafisha. Hazina picha wala vitufe. Unaandika jina la programu, jina la nakala, na utaratibu unaoutaka, basi, kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Mwenye nakala mia tatu huziamrisha zote kwa mstari mmoja. Na mwenye kukosea huharibu mia tatu kwa mstari mmoja.

Maana mpangilio wa zamani haukuwa bure. Aliyetaka kuanza mchezo aghalabu hakuandika jina lake. Aliwasha mashine, akaandika LOAD"*",8,1, na kile kinyota kikaleta faili ya kwanza katika orodha. Watengenezaji walilijua hilo, wakaitanguliza faili ya kuanzia. Sasa njoo na alfabeti yako: juu inakaa faili ya alama za washindi, na mchezo haufunguki. Mwenye diski atasema imekufa, kumbe nzima.

Kuna na faili zilizofutwa. Mashine haikuwa ikilifuta jina. Ilibadili alama moja tu, mfano wa jina lililopigwa mstari katika daftari la duka. Bado lasomeka, na faili yaweza kufufuliwa ikiwa nafasi yake haijatwaliwa. Programu isiyo makini huyatupa majina hayo ikidhani ni takataka. Nyingine mbovu zaidi huhamisha hata baiti mbili za mwanzo wa kila bloku ya orodha, ambazo si za jina lolote, bali ndizo zinazoonyesha bloku ifuatayo. Orodha hukatika katikati.

Lakini hasara inayonisikitisha mimi ni ya sanaa. Vijana wa Ulaya waliotunga maonyesho ya picha na muziki kwa mashine hii waliigeuza orodha kuwa turubai. Walitia majina yasiyo na faili yoyote, yaliyofanywa kwa mistari na alama tupu, yakapangika moja chini ya jingine hata yakawa fremu, au nembo ya kikundi, katikati mna salamu kwa marafiki. Aliyefungua orodha aliipokea salamu kabla ya onyesho lenyewe. Ipange sanaa hiyo kwa alfabeti, mistari yote itarundikana upande mmoja kama kuni, na salamu zitatawanyika.

Mwenye kuona majina tu kwa alfabeti hana haja ya kuyafanya hayo yote. Kompyuta ya leo yaweza kuyasoma, ikayapanga kwenye kioo au karatasini, na ile D64 isiguswe hata baiti moja. Akishikilia kupanga, basi afanye katika nakala ya pili, ya kwanza aiweke kando, kisha aiwashe ile mpya na kujaribu kinyota kabla hajaendelea na ya pili yake.