Siku za Kwanza Katika Nyumba ya Wenyeji

Kumruhusu mtoto aende kuishi katika nyumba ya watu wengine si jambo dogo kwa mzazi yeyote. Siku hizi wapo vijana wa sekondari wanaopata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika nchi za mbali, na huko hawalali bwenini bali hupokelewa na familia. Kadhalika wapo wanafunzi wa nchi za nje wanaofika kwetu kusini kwa mafunzo ya hospitali au kwa kujitolea mashuleni, nao hupewa chumba katika nyumba za akina mama kama sisi.

Katika kazi yetu ya uuguzi, na katika huduma ya kanisa hapa Nachingwea na Ruangwa, tumezungumza na akina mama wa pande zote mbili, waliopeleka na waliopokea. Jambo moja limejirudia katika maelezo yao. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na mara nyingi ugumu wake hautokani na ubaya wa mtu. Hutokana na adabu ya nyumba moja kutoeleweka katika nyumba nyingine.

Si jambo jipya

Wazee wa Nachingwea wamewaona wageni wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuja Waingereza na mradi wao mkubwa wa karanga, ambao ulishindwa baada ya miaka michache. Katika miaka ya 1960 walikuja vijana wa Msumbiji, wakaishi katika kambi ya FRELIMO. Mmoja wao alikuwa binti aitwaye Josina Muthemba, aliyefika Tanzania mwaka 1965 akiwa hajatimiza miaka 21. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi akaikataa, na mwaka 1967 akapata mafunzo hapa Nachingwea. Baadaye aliolewa na Samora Machel, akashughulikia malezi ya watoto waliofiwa na wazazi wao vitani. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu.

Wapo pia waliotoka kwetu Afrika Mashariki kwenda mbali. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka kwa ndege kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya wa Kenya. Mwaka uliofuata alikwenda msichana wa Nyeri ambaye baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la Wangari Maathai. Katika safari ya basi kutoka New York, walipofika jimbo la Indiana, yeye na mwenzake walikataliwa kukaa mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Huo ulikuwa ukaribisho wa njiani. Walipofika Atchison, Kansas, walipokelewa na masista Wabenediktini, wa shirika lile lile la Mtakatifu Benedikto tunalolijua kwa watawa wa Ndanda. Alisoma pale hadi akapata digrii mwaka 1964, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Nchi ile ile ilimfungia mlango na kumfungulia mlango. Mtoto anayesafiri aambiwe mapema kwamba yote mawili yaweza kumpata.

Mpango wenyewe ulivyo

Mpango wa wanafunzi wa sekondari kuishi na familia za nchi nyingine uliendelezwa sana na shirika la AFS, lililoanza kazi hiyo mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha mpango uitwao YES, ambao umewapeleka vijana wa nchi nyingi, wakiwemo Watanzania, kusoma huko mwaka mmoja wa shule.

Katika mpango wa namna hiyo familia mwenyeji hailipwi. Inajitolea. Kanuni za Marekani zinataka familia ihojiwe nyumbani kwake, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo achunguzwe kama ana kosa la jinai. Mwanafunzi awe na kitanda chake mwenyewe, na akishiriki chumba iwe na mwenzake wa jinsia moja. Mratibu asikae zaidi ya maili 120, yaani kama kilometa 190, kutoka alipo mtoto, na awasiliane naye kila mwezi. Mama anayeyajua hayo anaweza kuuliza, na anayeuliza hadanganywi kwa urahisi.

Alilala na njaa kwa sababu ya adabu

Mama mmoja wa Ruangwa alitusimulia habari za binti yake aliyekwenda Marekani. Usiku wa kwanza mwenyeji wake alimwuliza kama angependa kuongezewa chakula. Binti akajibu, "Hapana, asante." Alifundishwa nyumbani kwamba mtoto mwenye adabu hakubali mara ya kwanza, bali hungoja abembelezwe. Lakini kule hakuna aliyembembeleza. Sahani iliondolewa mezani.

Jambo hilo lilitokea tena siku ya pili na ya tatu. Yule mwenyeji, kwa upande wake, alianza kuhuzunika akidhani mgeni hapendi chakula chake. Usiku wa nne alimkuta binti jikoni, gizani, akila mkate mkavu. Wakakaa wote wawili wakaelezana. Mwenyeji akamwambia kwamba katika nyumba ile mtu akisema hapana wanamwamini, na kwamba akiwa na njaa afungue jokofu bila kuomba ruhusa. Kesho yake akampa zamu ya kuosha vyombo pamoja na watoto wengine. Binti alimwandikia mama yake kwamba siku aliyopewa zamu ndiyo siku aliyopata usingizi.

Hapo hakuna aliyekosa upendo. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa desturi ya kwao, na heshima hiyo ikamlaza mtoto na njaa usiku tatu.

Saa, macho na mlango

Yapo mambo mengine madogo yanayosumbua siku za kwanza. La kwanza ni saa. Sisi tunahesabu kutoka mapambazuko, wao wanahesabu kutoka usiku wa manane. Mtoto akiambiwa kwa Kiingereza kwamba chakula ni "saa sita", wenzake wanamaanisha saa kumi na mbili jioni. Mgeni wa Ulaya naye akiambiwa kwetu "njoo saa tatu", anaweza kufika saa tisa alasiri wakati shughuli imekwisha.

La pili ni macho. Mtoto wetu huinamisha macho mbele ya mtu mzima. Katika nchi nyingi za Magharibi anayefanya hivyo hudhaniwa anaficha jambo. Pia hakuna shikamoo, na mama mwenyeji anaweza kutaka aitwe kwa jina lake tu. Mtoto asione kuwa amedharauliwa, wala asilazimike kusema neno linalomkwaza. Aulize tu: "Napenda kukuheshimu, nikuiteje?"

La tatu ni mlango. Binti aliyezoea kulala na dada zake wawili anapewa chumba peke yake, mlango umefungwa, nyumba kimya. Zawadi hiyo inaweza kumliza. Saa mbili usiku pale New York, mwezi wa Agosti, huku kwetu ni saa tisa usiku. Mwili wake bado uko Ruangwa, na huamka wakati wenzake wanalala. Dawa yake ni kutoka nje kwenye mwanga wa mchana, kunywa maji ya kutosha, kula kwa saa za huko, na kutolala mchana kutwa. Baada ya siku kadhaa mwili hujirekebisha.

Afya ya mwili na ya moyo

Hamu ya nyumbani ni kitu cha kawaida. Huja kama kichwa kuuma, tumbo kusokota, kukosa usingizi au machozi yasiyo na sababu. Kwa wengi hupungua taratibu kadiri shule na marafiki wanavyopatikana. Lakini mtoto asiyekula, asiyetoka kitandani, au anayesema maisha hayana maana, asingojewe. Mratibu aambiwe siku hiyo hiyo, naye aonwe na daktari.

Mama aliyebaki naye ana sehemu yake. Simu imerahisisha mambo, lakini mtoto anayezungumza na nyumbani kila saa hapati nafasi ya kukaa sebuleni na wenyeji wake. Yafaa mpange siku na saa za kuzungumza. Na ukipiga, mama, usianze kwa kulia. Mwulize amekula nini, amekaa na nani, amejifunza neno gani.

Halafu kuna malaria. Mtoto aliyekulia mkoa wa Lindi ana kinga kiasi kwa sababu ya kuugua mara kwa mara. Homa ikimpata katika wiki za kwanza ugenini, huenda ikadhaniwa ni mafua. Afundishwe kusema mapema kwamba ametoka nchi yenye malaria, ili apimwe damu bila kuchelewa. Akikaa mwaka mzima bila kuugua, kinga ile hupungua. Kwa hiyo akirudi alale ndani ya chandarua bila kukosa, wala asichekwe kwamba amekuwa Mzungu.

Binti azungumze na mama yake kabla ya safari kuhusu hedhi na mahali pa kuomba mahitaji yake. Azungumziwe pia kuhusu mwili wake: kwamba adabu haimlazimishi kunyamaza akiguswa isivyofaa, na kwamba hakuna mwenyeji, hata awe mwema namna gani, anayestahili kutunziwa siri ya namna hiyo.

Mgeni akija kwetu

Sasa tugeuke upande wa pili. Mgeni akifika Nachingwea tunamchinjia kuku, tunampa kiti kizuri, na watoto wanajaa mlangoni kumtazama. Akiinuka kuosha sahani tunamnyang'anya. Tunafanya hivyo kwa moyo mweupe. Lakini mwanafunzi mmoja kutoka Ujerumani, aliyekaa kwa muuguzi mwenzetu, alikaa katika kiti hicho wiki nzima mpaka akaanza kujifungia chumbani. Bibi wa nyumba ndiye aliyemponya. Alimwita uani, akamkabidhi mchi na kinu chenye kisamvu. Alitwanga vibaya, wakacheka wote, naye akacheka. Tangu siku hiyo hakujifungia tena.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962 kueleza kwamba kila mtu alipaswa kufanya kazi. Sisi tumeiona pia kuwa methali ya upendo. Jembe linamwambia mgeni kwamba ana sehemu yake katika nyumba.

Hata hivyo apewe jembe linalomfaa. Wakati wa korosho, asiachiwe kubangua bila kuelekezwa, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Maji yake ya kunywa yachemshwe, apewe chandarua, na aonyeshwe choo na mahali pa kuogea saa ile ile anapofika, kwani wengi huona haya kuuliza. Akitaka kukaa peke yake saa moja jioni, hajakasirika. Akisema "sipendi" juu ya chakula, hajatukana. Kwao ni kusema kweli tu.

Kabla hujakubali

Si kila anayeita mtoto kwa ajili ya shule ana shule. Wapo mabinti wa vijiji vyetu walioahidiwa kusomeshwa mjini au ng'ambo, wakaishia kufanya kazi za nyumbani bila mshahara na bila daftari. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, lakini kinga ya kwanza ni mzazi. Jiulize haya:

1. Ni nani hasa anayempeleka, na je, shule ya mtoto na ofisi za serikali zinamfahamu?

2. Je, nimepewa kwa maandishi jina la familia, mahali inapoishi, na shule atakayosoma?

3. Yuko mtu wa tatu, asiye mwenyeji, ambaye mtoto anaweza kumpigia simu akipata shida?

4. Hati yake ya kusafiria atakaa nayo mwenyewe? Anayetaka kuinyang'anya ana lake jambo.

5. Mwanangu anaweza kusema "nina njaa", "sielewi" na "sitaki" bila kuogopa?

Swali la mwisho halijibiwi uwanja wa ndege. Hujibiwa jikoni, miaka kabla ya safari. Akina mama wenzetu, tuwafundishe watoto shikamoo na tuwafundishe pia kusema haja yao waziwazi kwa sauti ya heshima. Na mtoto wa mama mwingine akifika mlangoni kwetu, tumwoneshe choo, tumpe chandarua, tumwulize amezoea kula nini. Na siku ya tatu tumpe kazi ya kufanya. Huko aliko mama yake anangoja simu, kama sisi tunavyongoja.