Bar Mitzva Ukubwani: Sherehe Inayowachangia Askari Waliorudi Vitani

Wanachuo wenzangu, michango tunaijua. Mtu akitangaza ndoa leo, kesho umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, umetajiwa bei ya kadi ya mtu mmoja na ya wawili, na mweka hazina anakukumbusha kila Jumapili. Hela yote inaishia kwenye ukumbi, chakula na muziki. Sasa fikiria sherehe ambayo mwenye shughuli ana miaka 60, anaadhimisha kuingia utu uzima, na anawaambia wageni wake: msiniletee zawadi, hiyo hela wapelekeeni askari waliorudi vitani, wakatembee milimani. Kwa Wayahudi wa Marekani, kuomba mchango kwa wengine badala ya zawadi si jambo la ajabu. Twende taratibu tuone linatoka wapi.

Kwanza, bar mitzva ni nini?

Maana yake ni "mwana wa amri". Kwa msichana ni bat mitzva, "binti wa amri". Kwa mapokeo ya Kiyahudi, mvulana akifika miaka 13, na msichana 12, anaanza kuwajibika mwenyewe kwa amri za dini yake. Hapa ndipo wengi tunachanganyikiwa. Sherehe haimfanyi mtu awe bar mitzva. Umri ndio unaomfanya. Hata asipofanyiwa chochote, siku yake ikifika amri zinamhusu. Kinachofanyika sinagogi ni kuonyesha hadharani kwamba amekua: anaitwa mbele, anasoma sehemu ya Torati, na mara nyingi anatoa maelezo mafupi ya alichokisoma.

Kusoma kwenyewe si mchezo. Gombo la Torati limeandikwa kwa mkono, kwa Kiebrania, halina alama za irabu wala za mahadhi. Msomaji anatakiwa awe ameshajifunza kila neno linatamkwaje na linaimbwaje. Ngozi haiguswi kwa kidole. Anafuatisha mstari kwa kijiti maalumu.

Kwa nini mtu asubiri mpaka uzeeni?

Kwa sababu si kila mtu alipewa nafasi. Kwa karne nyingi wasichana hawakuitwa mbele kusoma. Mwaka 1922, jijini New York, Judith Kaplan mwenye miaka 12, binti wa rabi Mordecai Kaplan, alifanyiwa bat mitzva inayohesabiwa kuwa ya kwanza Marekani. Alisherehekea tena mwaka 1992, akiwa na miaka 82. Kati ya miaka hiyo kuna wanawake wengi waliokaa wakiwatazama kaka zao tu. Wapo pia waliokulia Urusi ya Kisovieti ambako elimu ya dini ilibanwa, walionusurika mauaji ya Wanazi utoto wao ukiwa umekatishwa, na walioingia Uyahudi ukubwani.

Cha kufurahisha ni kwamba utaratibu wa kuwaandaa watu wazima ulipata nguvu chuoni. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Brandeis, Massachusetts, rabi wa wanafunzi Albert Axelrad alianza kuwaandalia sherehe hii watu waliokuwa wamepitwa. Leo masinagogi mengi yana madarasa ya watu wazima, ambayo huchukua hata mwaka mmoja au miwili, kuanzia herufi 22 za Kiebrania.

Kuna na wanaorudia. Zaburi ya 90 inataja miaka 70 kuwa ndiyo maisha ya binadamu, hivyo wapo wanaohesabu kwamba baada ya 70 mtu anaanza upya. Ukiongeza 13 unapata 83. Mwigizaji Kirk Douglas, ambaye aliwahi kuwa mwanamaji katika Vita Kuu ya Pili, alifanya bar mitzva yake ya pili mwaka 1999 akiwa na miaka hiyo 83.

Sadaka na tsedaka

Marekani, watoto wengi wanaojiandaa kwa siku hiyo hupewa kazi ya kusaidia jamii, na watu wazima wameichukua desturi hiyo. Neno lao ni tsedaka. Ukilisikia unajua ni ndugu wa "sadaka" yetu, maana sisi tumeipata kwa Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Ila kwa Kiebrania neno hilo limeshikamana na haki. Yaani anayetoa hafanyi hisani, analipa anachodaiwa. Mwanazuoni Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204, alipanga ngazi nane za kutoa. Ya juu kabisa ni kumwinua mtu mpaka asihitaji tena kusaidiwa.

Wachangiaji wengi hutoa dola 18, 36 au 180. Herufi za neno la Kiebrania "hai" zikihesabiwa kwa tarakimu zinaleta 18, kwa hiyo mchango unabeba dua ya uhai. Na kwa wanaoshika Sabato hela haiguswi siku hiyo, basi mchango hukusanywa kabla au baada yake.

Askari na msitu

Sasa kwa nini askari? Wayahudi wa Marekani wapatao nusu milioni walitumika jeshini katika Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo wengi wa wanaosoma Torati leo wakiwa na miaka 60 au 70 ni watoto wao. Baadhi yao walikua na baba aliyeshtuka usiku na hakusema kitu. Ugonjwa wa kiwewe cha vita uliingizwa rasmi kwa jina linalotumika sasa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu. Na kila mwaka zaidi ya askari wastaafu 6,000 wa nchi hiyo hufa kwa kujiua.

Tiba ninayoizungumzia msiichanganye na tiba asili ya mizizi na majani. Hii ni kumtoa mtu mjini na kumpeleka penye miti, mto au mlima, akiwa na wenzake waliopitia aliyopitia. Mwaka 1948 Earl Shaffer, aliyetoka vitani Pasifiki na kumpoteza rafiki yake huko, alitembea njia yote ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Georgia hadi Maine, ili vita vimtoke mwilini. Miaka 60 na zaidi baadaye, Sean Gobin, askari aliyerudi kutoka Afghanistan, aliipita njia hiyohiyo, kisha akaanzisha shirika linalowasafirisha wenzake. Mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, majeruhi walianza kufundishwa kuvua samaki kwa ndoano kupitia mradi wa Project Healing Waters.

Inasaidiaje? Mwili uliozoea hatari hautulii chumbani. Njiani unapata kazi: kubeba mzigo, kutafuta maji, kuwasha moto, kisha usingizi. Na watu wawili wanaotembea sambamba huongea mambo ambayo wasingeyasema wakitazamana mezani. Watafiti wa Berkeley, California, walichapisha mwaka 2018 utafiti wa askari wastaafu walioshuka mtoni kwa boti za mpira; wiki moja baadaye dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kwa asilimia 29. Lakini tusikimbilie kushangilia. Kundi lilikuwa dogo na wiki moja si mwaka. Msitu haumwondoi daktari wala dawa.

Hapo ndipo ngazi za bin Maimun zinapopata kazi. Mchango unaolipia siku tatu na picha nyingi, kisha mtu akarudishwa kwenye upweke wake, uko ngazi ya chini. Unaolipia safari, halafu kundi likaendelea kukutana na mmoja wao akafundishwa kuwaongoza wengine, umepanda. Pia serikali iliyompeleka kijana vitani isije ikasema wageni wa sherehe wameshamaliza deni. Deni ni lake.

Mimi nasomea ualimu, na ninachokiona hapa ni darasa. Mtu wa miaka 65 anakubali kukaa na kusoma a, be, che za Kiebrania, anatamka vibaya mbele ya watu, anarudia. Askari naye anakubali kujifunza upya kulala. Wote wawili wanahitaji mwalimu mvumilivu na wenzao wa kukaa nao. Mahafali yetu yanakaribia na kamati zimeshaanza kuundwa. Kabla ya kupanga bei ya kadi, mwenyekiti aulize swali moja kwenye kundi: katika hela hii, nani mwingine ana haki yake?