Mamlaka ya Gavana wa Tanganyika: Istilahi na Uzito Wake

Makala haya yanachunguza mamlaka ya Gavana wa Kiingereza katika Tanganyika, hasa jinsi yalivyositirika ndani ya istilahi za sheria. Chimbuko la mamlaka hayo ni amri iliyotolewa na Mfalme wa Uingereza mwaka 1920.

Istilahi ya kwanza ni "Gavana katika Baraza". Kwa Mswahili, baraza ni mahali pa watu kukaa, kusemezana na kufikia shauri moja. Kisheria mambo yalikuwa kinyume. Gavana alipaswa kusikiliza wajumbe wa Halmashauri ya Utendaji, lakini aliweza kuukataa ushauri wao wote, mradi aieleze serikali ya London sababu zake. Baraza lilikuwa sikio tu. Kauli ilikuwa yake.

Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, wakati wa Donald Cameron. Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na maofisa wake ndio waliokuwa wengi. Waafrika wawili wa kwanza, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, nao waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Muswada haukuwa sheria bila idhini ya Gavana. Hata mtu aliyehukumiwa kifo hakunyongwa kabla Gavana hajaamua kama atamsamehe.

Istilahi iliyoleta madhara makubwa zaidi, hata hivyo, ni "ardhi ya umma". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, kisha ikaiweka chini ya udhibiti wa Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Ni dhahiri kwamba neno "umma" hapa halikumpa mwananchi haki ya kuamua. Lilimpa haki ya kuamuliwa. Wameru waliyaona hayo mwaka 1951, Edward Twining akiwa Gavana, walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapewe mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa moto. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Wameru walikuwa na mlango mmoja ambao majirani zao wa Kenya hawakuwa nao: mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Walisikilizwa. Ardhi, hata hivyo, haikurudishwa kwa kusikilizwa huko.