Kayaki Ikigeukia Upepo, Usilibebeshe Bega Moja Kazi Yote

Ikiwa unaishi Dagoretti, bila shaka unaijua Naivasha Road kwa foleni zake za magari kuliko unavyolijua ziwa lililoipa jina. Hata hivyo, wako wakazi wa jiji ambao mwishoni mwa wiki hufunga safari ya kilomita 90 hivi hadi Ziwa Naivasha, wakakodi kayaki na kunyoosha viungo vilivyokaa kitini tangu Jumatatu. Zamani haikulazimu kwenda mbali hivyo. Watu walikuwa wakiendesha mashua katika bwawa la Nairobi Dam, karibu na Kibera, kabla ya magugu maji na maji machafu kuliharibu.

Kupiga kafi ni zoezi zuri. Hutumikisha moyo, mapafu, mgongo, tumbo na mabega bila kuyachosha magoti. Lakini kuna jambo moja linalowashangaza wengi wanaoanza. Asubuhi kayaki hukwenda moja kwa moja. Alasiri, upepo ukivuma kutoka ubavuni, pua yake huanza kugeukia kule upepo unakotoka. Unapiga kafi upande mmoja ili kuirudisha, inageuka tena. Unapiga tena na tena. Jumatatu asubuhi unashindwa kuinua mkono ili ushike chuma cha matatu.

Je, kwa nini inageuka?

Si kwamba kayaki ni mbovu. Inapokwenda mbele, maji huibana pua yake kutoka pande zote mbili na kuishikilia imara. Nyuma maji yamekwisha kukatwa na kulegea, kwa hiyo tezi, yaani sehemu ya nyuma, haina cha kuishikilia. Upepo wa ubavuni huisukuma tezi kando kwa urahisi, na pua ikaelekea upepo. Kadiri unavyokwenda kasi, ndivyo inavyozidi kugeuka. Ndiyo maana kuongeza nguvu peke yake hakusaidii.

Madhara kwa mwili

Kiungo cha bega kinaweza kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, lakini kwa sababu hiyo hiyo si imara sana. Kinashikiliwa na misuli midogo na kano zake. Ukivuta kafi upande mmoja kwa saa nzima, kano hizo husuguliwa na kuvimba. Kifundo cha mkono nacho huuma kwa kukaza kafi kupita kiasi, na kiuno kwa kujipinda upande mmoja. Kamba hukatikia pabovu, na kwa mtu wa kazi za ofisini, pabovu mara nyingi ni bega au kiuno.

Hatari kubwa zaidi ni uchovu. Mtu aliyechoka mbali na ufuo hawezi kujirudisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021.

Fanya hivi

Kwanza, rekebisha uzito. Ikiwa una mfuko au chupa za maji, ziweke nyuma. Tezi ikizama kidogo zaidi, maji huishikilia. Usizidishe, maana pua itakuwa nyepesi na upepo utaipeleka upande wa pili.

Pili, uliza kabla ya kulipa kama kayaki ina pezi dogo la kushusha chini ya tezi, au usukani wa miguu. Ikiwa lipo, lishushe kidogo kidogo hadi kayaki itulie.

Tatu, piga kafi kwa upana. Upande ule upepo unakotoka, lianzishe karibu na miguu yako, ulizungushe mbali na kayaki kama anayechora nusu duara, umalizie nyuma. Zungusha kiwiliwili chote, usivute kwa mkono tu. Ukiwa umezoea, inamisha kayaki kidogo upande huo huo wa upepo kwa kukaza kalio; itageuka kwa urahisi zaidi.

Nne, punguza kasi, na ushike kafi bila kulikaza. Viwiko viwe chini na mbele ya kifua. Mkono ulioinuliwa juu na kwenda nyuma ndio unaoteguka bega kayaki inapoyumba.

Panga safari yako

Naivasha maji huwa shwari asubuhi na upepo huongezeka alasiri. Basi toka mapema. Anza kwa kwenda kinyume cha upepo ungali na nguvu, ili ukusukume wakati wa kurudi. Vaa jaketi ya kuokoa maisha na uifunge, hata kama unajua kuogelea. Usiende peke yako, na umwambie mtu wa ufuoni utarudi saa ngapi. Kaa mbali na viboko, na usikimbilie mafunjo kujikinga na upepo, kwani humo viboko hujificha. Kayaki ikipinduka, ishikilie. Huonekana kwa urahisi kuliko kichwa chako.

Ikiwa una kifafa, ugonjwa wa moyo au bega lililowahi kuteguka, muulize daktari kwanza.

Ukiumia

Maumivu ya kawaida ya misuli hupungua kwa siku chache. Lipumzishe bega, na uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Nenda hospitali upesi ikiwa bega limebadilika umbo, mkono umekufa ganzi, au huwezi kuuinua. Usikubali mtu yeyote akuvute mkono ili "kulirudisha" bega. Anaweza kuumiza mishipa ya fahamu na ya damu. Lifunge kwa leso lisitikisike hadi ufike kwa daktari.

Upepo hautachoka kabla yako. Kwa hiyo, kayaki ikigeuka mara ya tatu, acha kushindana nao: sogeza mzigo, shusha pezi, punguza kasi. Ikiwa bado inageuka, rudi ufuoni ungali na nguvu za kurudi.